Mpaka ukifungwa, nani atamwambia mwenye mzigo?

IJUMAA ya Machi 5, 2021, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliandika barua ya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini humo. Sababu iliyotajwa ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu. Barua ikasambaa kwenye simu haraka kuliko malori yaliyokuwa barabarani. Waliokwisha kupakia wakabaki na swali moja: magunia yaliyofika Namanga na Busia yarudi, yasubiri, au yauzwe hapo hapo kwa bei ya hasara?

Machi 10, Kenya ililegeza. Marufuku ikageuka kuwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na kiwepo cheti cha uasili wa bidhaa.

Barua ya kwanza ilikuwa rahisi kusambaa kwa sababu ilibeba neno ambalo kila mtu analielewa. Tangazo la pili ndilo lililokuwa na fedha ndani yake, na lilihitaji mtu wa kulifafanua. Cheti kinatolewa wapi? Nani anapima, na kwa siku ngapi? Mwenye magunia 20 anapimwa sawa na mwenye malori 20?

Runinga kubwa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam huwa na nafasi ya mawaziri wakijibizana. Hazina nafasi ya mama mwenye magunia 20. Anayempa nafasi ni redio ndogo ya wilayani, ile inayomwita ofisa wa forodha studio, inafungua simu, na kumwacha abanwe maswali kwa lugha ya sokoni. Redio za namna hiyo, pamoja na runinga za nyumbani, ndizo zilizo hatarini kila mara teknolojia ya kufikisha matangazo inapobadilika. Kwa mfanyabiashara wa mpakani jambo hilo si la wahandisi peke yao.

SAUTI NI YAKO, BARABARA NI YA MWINGINE

Zamani kituo cha utangazaji kilinunua mtambo, kikasimamisha mnara juu ya kilima, na kilichotoka studio kilifika kwenye antena ya nyumbani bila kupita mikononi mwa mtu. Runinga ya dijitali ilibadilisha hilo. Masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa yanaweza kubeba zaidi ya kumi. Hiyo ni faida kubwa. Lakini chaneli hizo lazima zikusanywe na kampuni yenye leseni ya kusafirisha matangazo, na mtazamaji lazima awe na king'amuzi. Kazi ya kutengeneza kipindi na kazi ya kukifikisha zikatenganishwa. Wafanyabiashara wanaelewa maana yake: ni sawa na kuwa na bidhaa nzuri huku lori, ghala na ufunguo wa ghala vikiwa vya mtu mwingine.

Tanzania ilitangulia katika Afrika Mashariki. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na katika miezi iliyofuata ikafuata miji mingine, ikiwemo Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha na Mbeya. Kampuni tatu zilipewa leseni ya kusafirisha matangazo, mojawapo ikiwa ya ubia kati ya shirika la utangazaji la taifa, TBC, na StarTimes ya China. Wamiliki wa vituo walilalamika kwamba watazamaji wamepungua, kwa kuwa wengi walikuwa hawajanunua ving'amuzi. Mtazamaji akipungua, tangazo la biashara nalo hupungua.

Kenya ugomvi ulifika mahakamani. Leseni za kusafirisha matangazo zilikuwa zimetolewa kwa Signet, iliyo chini ya shirika la taifa KBC, na kwa Pan African Network Group, kampuni ya Kichina. Makundi matatu makubwa ya habari, Nation, Standard na Royal Media, yalitaka leseni yao yenyewe, yakisema haiwezekani kampuni iliyojenga soko kwa miaka mingi iende kuomba lifti kwa mshindani. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Katikati ya Februari 2015 mitambo yao ya analojia ikazimwa, na NTV, KTN, QTV na Citizen zikatoweka kwenye skrini kwa siku 19, hadi waliporudi hewani kwa mitambo yao ya dijitali mwanzoni mwa Machi.

Siku 19 bila matangazo ni hasara ambayo kundi kubwa la habari linaweza kuimeza. Kituo cha wilayani kingeuza jenereta kabla ya wiki ya pili.

Katika kesi hiyo vituo vya Kenya vililalamika pia kwamba kampuni za malipo zinabeba chaneli zao bila idhini. Tanzania mwaka 2018 mambo yakawa kinyume. Mdhibiti, TCRA, alisema leseni za baadhi ya kampuni za ving'amuzi vya malipo haziziruhusu kubeba chaneli zinazopaswa kuonekana bure, na chaneli za nyumbani zikaondolewa kwenye ving'amuzi hivyo. Aliyenunua dishi ili aone mpira na taarifa ya habari ya usiku akabaki na mpira.

Kila upande ulikuwa na hoja ya kisheria, na hoja zenyewe hazikuwa za kipuuzi. Kibali cha mwenye kipindi ni haki yake. Chaneli ya bure kutolipishwa ni haki ya mtazamaji. Lakini mvutano ulipoisha, nyumba nyingi zilikuwa na runinga moja na ving'amuzi viwili, kila kimoja na rimoti yake, na vyote havina kifurushi.

NGARA, ILIPOANZA KWA KUTAFUTA WATU

Redio ya FM iliponea chupuchupu. Haikuguswa na uhamaji ule, na bado mtu mwenye kiredio cha betri mbili anaipata bila kulipa senti. Thamani ya hilo inaonekana vizuri zaidi katika kona ile ambako Tanzania, Rwanda na Burundi zinakutana.

Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara ndani ya takribani saa 24. Mwaka uliofuata shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo. Kwizera ni matumaini, kwa Kinyarwanda na Kirundi. Kituo kilizaliwa kwa ajili ya watu wa kambini na wenyeji waliowapokea: nani anamtafuta mtoto wake, chakula kinagawiwa lini, kuna usalama gani upande wa pili.

Ng'ambo ya mto, watu hao walikuwa wamesikia redio ya namna nyingine. RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Kigali mwaka 1993, ilichochea mauaji ya kimbari, na mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani watu wake mwaka 2003. Kumbukumbu hiyo inaeleza kwa nini serikali za ukanda huu huingiwa na hofu zikisikia neno redio huru. Hofu hiyo ina sababu. Wakati mwingine pia hutumika kama kisingizio.

Kambi nyingi za Ngara zilifungwa, watu wakarudi makwao, na redio ikabaki, ikasikika mbali zaidi ya wilaya yake. Mawimbi ya FM hayaonyeshi pasipoti. Mtambo ulio juu ya kilima cha Kagera husikika Burundi na Rwanda, kama ambavyo vituo vya huko husikika Kabanga. Kwa mwenye duka Kobero na mwenye mzigo Rusumo, hiyo ni huduma ya kuvuka mpaka iliyokuwepo kabla ya vituo vya pamoja vya forodha kujengwa.

Kaskazini yake, Karagwe, redio ya FADECO ilikua kutoka shirika la maendeleo lililokuwa likifanya kazi na wakulima. Huko kuna jambo linaloitwa butura: mkulima anauza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ikiwa maua, kwa bei ya yule mwenye fedha taslimu siku hiyo. Mkulima anayejua bei ya msimu, na anayejua pia kahawa inanunuliwaje upande wa Uganda, ni mgumu kumuuzisha maua.

Hapo kuna jambo la kukiri. Si kila mfanyabiashara anaipenda redio inayotangaza bei. Faida ya wengi mpakani ilijengwa juu ya kujua kile ambacho jirani hakijui. Lakini kiuno cha biashara hiyo hukatika siku mwenye mzigo mwenyewe anapokuwa ndiye asiyejua: ushuru umebadilika, kibali kimeongezwa, daraja limefungwa kwa matengenezo.

KINACHOLIPA UMEME

Redio ya jamii ni studio ya vyumba viwili, mtambo, mnara, jenereta au sola, leseni ya kulipia na vijana wengi wanaojitolea. Mapato yake ni vidogo vidogo: tangazo la msiba, harusi, mbuzi aliyepotea, duka la pembejeo, mnada wa Jumamosi. Wafadhili wamesaidia. UNESCO, kwa mfano, imezipa redio za jamii za Tanzania vifaa na mafunzo. Mradi ukiisha, bili ya umeme haiishi.

Vidogo vidogo hivyo ndivyo vinavyohamia kwenye simu. Tangazo la msiba liko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na mwenye duka la pembejeo ana ukurasa wa Facebook. Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa ni rahisi zaidi na picha inaonekana. Lakini shilingi ile iliyokuwa ikilipia umeme wa redio ya wilaya sasa inakwenda kwa kampuni ya simu na kampuni za ng'ambo, na hakuna hata moja kati ya hizo itakayomtuma mtu Mutukula kuuliza kwa nini foleni haisogei.

Masafa nayo ni finyu mijini. Nairobi, redio za jamii za Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zilipewa masafa yale yale, 99.9, kwa nguvu ndogo ili zisiingiliane. Msikilizaji akitoka mtaa mmoja kwenda mwingine, sauti moja hufifia na nyingine huingia. Sheria ya Kenya inatambua aina tatu za utangazaji, wa umma, wa biashara na wa jamii, na hilo ni jambo jema. Kutambuliwa na kupewa nafasi ya kutosha ni vitu viwili.

SIMU INA MWENYE UFUNGUO

Wapo wanaosema mjadala umepitwa, kwa kuwa kila mtu ana simu. Ni kweli kwa kiasi. Simu imembeba mfanyabiashara wa mpakani kuliko chombo kingine chochote: anatuma fedha, anapiga picha ya mzigo, anapata sauti ya wakala wa forodha akiwa bado barabarani. Mpango wa mtandao mmoja ulioanza mwishoni mwa 2014 kati ya Kenya, Uganda na Rwanda, kisha Sudan Kusini, ulishusha gharama ya kupiga simu ukiwa nchi jirani na kuondoa malipo ya kupokea. Ulianza na sauti, si bando la intaneti.

Bando nalo lina mwenye ufunguo. Julai 1, 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2021, na badala yake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Muuza nyanya wa Busia aliyekuwa akilipa ili aongee na mteja sasa analipa kwa kila anachofungua. Mwezi Januari mwaka huo huo wa 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini Uganda kwa takribani siku tano. Siku hizo fedha ziliendelea kutafutwa, mizigo iliendelea kuoza, na chombo kilichobaki kikizungumza ni redio.

Redio nayo si ngome. Kampala, kituo cha CBS kilifungwa Septemba 2009 na hakikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Bujumbura, wakati wa jaribio la mapinduzi la Mei 2015, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Renaissance viliharibiwa, na kwa miezi Warundi wengi wakabaki bila redio huru ya nyumbani. Isanganiro ilirudi Februari 2016. Katika pengo hilo waandishi waliunda SOS Médias Burundi wakitumia mitandao ya kijamii, na habari ikaendelea kutembea kwa vipande vya sauti kutoka simu hadi simu.

Uganda 2021 na Burundi 2015 zinasema kitu kimoja kutoka pande mbili. Intaneti ilipozimwa, redio ilibaki. Redio zilipochomwa, intaneti ilibaki. Anayemshauri mfanyabiashara achague moja anamshauri aweke mayai yote kwenye kapu moja, tena kapu lenyewe si lake.

Kuna na jambo dogo la kiufundi ambalo halisemwi sana. Kitochi cha bei ya chini kina redio ya FM ndani yake, unachomeka visikilizi na kusikiliza bila bando. Simu janja nyingi za bei kubwa zimeondoa tundu la visikilizi, na redio ya FM imeondoka nalo. Mwenye simu ya gharama kubwa anaisikiliza redio ya wilaya yake kupitia intaneti, akilipa, na mtandao ukikatika anabaki kimya, wakati mpagazi wake mwenye kitochi bado anasikia.

KABLA ZAMU YA REDIO HAIJAFIKA

Zamu ya redio itafika. Norway ilizima FM kwa vituo vyake vya kitaifa mwaka 2017, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Hata hivyo Wanorway, pamoja na utajiri wao, waliviacha vituo vingi vidogo vya mitaani viendelee na FM, kwa kuwa ilijulikana kwamba gharama ya kuhama ingeviua. Afrika Mashariki ina nafasi ya kujadili hilo kabla ya tarehe kutangazwa, jambo ambalo halikufanyika vya kutosha kwa runinga.

Mahali pa kulijadili papo. Wadhibiti wa mawasiliano wa ukanda huu wana jumuiya yao, EACO, yenye makao Kigali, na tayari hupanga pamoja masafa ya mpakani ili vituo visigongane. Kuhakikisha kwamba redio ya jamii iliyo kilomita chache kutoka mpakani inabaki na masafa yake, na kwamba siku ikilazimika kupanda mtambo wa mtu mwingine italipa nauli inayolingana na mapato yake, ni suala la kanuni, wala halihitaji uvumbuzi.

Fedha nazo zipo mahali. Tanzania ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na Kenya na Uganda zina mifuko ya aina hiyo, inayochangiwa na kampuni za mawasiliano ili kufikisha huduma ambako soko halifiki. Sehemu kubwa ya kazi yake inayoonekana ni minara ya simu. Mnara uliojengwa kwa mchango huo kijijini ungeweza kubeba pia antena ya redio ya wilaya, bila kodi au kwa kodi ndogo. Redio ingepunguziwa mzigo wake mzito kuliko yote, na kampuni ya simu isingepungukiwa na kitu.

Wafanyabiashara wenyewe wana kipande chao. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara wa Jumuiya unamruhusu mwenye bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kupata cheti cha uasili hapo hapo mpakani bila kuzunguka. Wapo wanaopita njia za panya wakiwa na mzigo wa dola 300 kwa kuwa hawajawahi kusikia orodha hiyo ikisomwa. Chama cha wafanyabiashara kinachonunua nusu saa kwa wiki katika redio ya karibu, na kumkalisha ofisa wa forodha hapo, kinafanya kazi mbili: kinawaelimisha wanachama na kinalipa umeme.

Na kwenye kamati za mpakani, ambako maofisa wa pande mbili huketi na wawakilishi wa wafanyabiashara, kuna ombi ambalo halina gharama. Tangazo lolote la zuio, ushuru au kibali kipya litumwe kwenye redio za pande zote mbili saa ile ile linapotumwa kwenye makundi ya WhatsApp, likiwa na jina la ofisi na namba ya kuuliza. Mwezi Machi 2021, kati ya Ijumaa ya marufuku na Jumatano ya masharti, zilipita siku tano. Lori la mahindi likisimama siku tano, dereva anakula, turubai linavuja, na bei sokoni haimngoji mtu.